Mtoto Hangoji Nyumba

Wako wazazi wengi wenyeji wa Mwanza na wa mwambao wote wa Ziwa Victoria, wakaao Uingereza, Marekani au Uarabuni, ambao kila mwaka husema: "Tutarudi nyumba ikiisha." Nyumba yajengwa polepole mlimani, juu ya mawe, na huko ugenini watoto wakua. Sisi twauliza: katika hivyo viwili, kipi kisichoweza kungoja?

Ukuta waweza kungoja miaka 10. Mtoto hangoji. Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka 6 atajifunza lugha akicheza na wenzake. Wa miaka 11 asiyeijua ataketi darasani kama bubu, na mbele ya bibi yake asemaye Kisukuma atakuwa mgeni.

Tena, yafaa tuifahamu Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mtoto azaliwaye nje hurithi uraia wa baba au mama aliye Mtanzania wa kuzaliwa. Lakini wana wake yeye, wakizaliwa nje, hawaurithi vivyo hivyo. Basi wajukuu waweza kuwa wageni katika nchi ya babu yao.

Hatusemi kwamba kurudi ni jambo jepesi: mshahara hupungua, na mazoea huvunjika. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi. Enyi wazazi, hesabuni kwanza miaka ya mtoto, ndipo mhesabu matofali.