Kifaa Hakimgeuzi Mgonjwa

Swali: Mama amevunjika nyonga, amelazwa. Je, kuna vifaa vya kuzuia vidonda vya kulalia? – Msomaji, Usangi, Mwanga

Jibu: Pole kwa kuuguza. Vipo. Kihisio kidogo hubandikwa kifuani, kikafuatilia mgonjwa amelalia upande gani na kwa muda gani, kisha humkumbusha muuguzi wakati wa kumgeuza. Lakini hakimgeuzi, hivyo wodi yenye muuguzi mmoja usiku itapata kengele tu. Daftari na saa ya ukutani bado vinafaa sana kufuatilia zamu za kumgeuza.

Waombe wauguzi wakuonyeshe namna ya kumgeuza bila kuiumiza nyonga, mara nyingi kila baada ya saa 2. Mto ukae chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: papasa visigino na mwisho wa mgongo, usisugue. Ukihisi joto au ugumu, mwite muuguzi papo hapo.