Mbona seli za uvimbe wa ubongo hazifi?

Swali: Daktari, dada yangu ana glioblastoma. Nasikia seli mbovu hujiua zenyewe. Mbona hizi hazifi hata kwa dawa?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Ni kweli, seli iliyoharibika hujimaliza kwa utaratibu uliopewa jina la apoptosisi mwaka 1972. Protini iitwayo p53 husaidia kutoa amri hiyo ya kufa. Katika glioblastoma nyingi, njia ya amri imevurugwa. Dawa ya temozolomaidi huiharibu DNA ili seli ife, lakini seli zenye protini ya MGMT hukarabati palipoharibiwa, zikaendelea kuishi. Hapo ndipo watafiti wanapokesha, na kwangu ndipo penye tumaini. Muulize daktari wake kama uvimbe umepimwa MGMT. Majibu husaidia kupanga tiba.