Dondoo muhimu: Kuurudishia nguvu mguu uliovunjika zamani

Miaka imepita tangu ajali ya bodaboda na mfupa umeunga, lakini bado unachechemea na kuogopa ngazi? Hujachelewa, anza taratibu.

1. Muone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia. Usiige mazoezi ya mgonjwa mwingine.
2. Shika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu ulioumia.
3. Mpira wa chini ya fimbo ukilika, ubadilishe. Sakafu yenye maji haisamehe.
4. Kupanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza fimbo na mguu ulioumia.
5. Egemeza kiti ukutani, kaa na kuinuka mara 10, asubuhi na jioni.
6. Vaa viatu vyenye mkanda nyuma, kandambili hukwaza.
7. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza mazoezi, usiyaache.
8. Mguu ukivimba, ukipata joto au kutoa usaha, hasa wenye chuma ndani, usiuchue, wahi hospitali.
9. Hofu huisha kwa kurudia: nenda dukani na mwenzako, kisha peke yako.