Ukipeleka familia kwa Karen Blixen, anzia nyuma ya nyumba

Wageni wengi wakifika kwenye makumbusho ya mwandishi Karen Blixen, hapa Nairobi, huingia sebuleni moja kwa moja. Huonyeshwa ngozi ya simba na ile taa ya barazani, husimuliwa mapenzi ya bibi yule na Denys Finch Hatton, kisha hao, wanatoka kupiga picha. Ukiwa na watoto na mtu mzima wa miaka yake, ziara ya namna hiyo itawachosha hata kabla ya chumba cha tatu. Mimi siku hizi nawapitisha nje kwanza.

Zungukeni nyumba hadi kwenye uwanja wa nyasi. Kama hakuna ukungu, Vilima vya Ngong vinaonekana vizuri kutoka hapo. Waache watoto wakimbie mpaka waishiwe pumzi, maana ndani hakuna kukimbia. Jumamosi iepukeni mkiweza. Bustani hii hukodishwa kwa arusi, na spika za MC hazina huruma.

Kisha ingieni kwenye miti mkatafute mitambo ya kahawa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Ni machuma makubwa yenye kutu. Mwanangu aliuliza kama ni garimoshi. Hapo ndipo pa kuwaeleza habari yenyewe. Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na Msweden, Åke Sjögren. Karen na mumewe Bror, waliotoka Denmark na Sweden, wakaichukua mwaka 1917 pamoja na shamba la maelfu ya ekari. Shida ni kwamba kahawa haikupapenda. Pako juu mno, karibu mita 1,800, baridi inauma, mvua haitabiriki, na udongo una tindikali. Kiwanda nacho kiliwahi kuungua. Mwaka 1931 shamba likauzwa, naye Karen akarudi kwao.

Mama yangu, aliyechuma kahawa Murang'a tangu akiwa msichana, aliinama akachukua udongo kidogo, akausugua kwa kidole gumba, akautupa.

“Shosho, mbaya?” mjukuu akauliza.

“Wa viazi labda.”

Mkiingia ndani sasa, kila chumba kitakuwa na maana. Ili watoto wasikae wakivuta mkono wako, wape kazi: kwa kila kitu wanachokiona, wamuulize mwongozaji, “Hiki ni chake au cha sinema?” Baadhi ya fanicha Karen alimuuzia Lady McMillan alipokuwa akiondoka, zikaja kurudishwa baadaye. Vingine vilitoka kwenye filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, inayosimulia maisha yake, ambayo sehemu kubwa haikupigwa katika nyumba hii bali katika nyumba nyingine ya jirani. Wangu walibishana juu ya buti hadi tukaombwa tupunguze sauti.

Jikoni, ambako ni kibanda cha peke yake nyuma, msipite mbio. Kuna jiko la kuni la chuma, na hapo inafaa kutaja Kamante, mtoto wa pale shambani aliyetibiwa vidonda vya miguu, akaja kuwa mpishi wa nyumba. Mtajeni pia Farah Aden, Msomali aliyesimamia shughuli zote za nyumbani. Wasipotajwa, watoto watadhani bibi huyu alijipikia.

Swali langu la kudumu kwa mwongozaji ni hili: shamba lilipouzwa, familia za Wakikuyu zilizoishi humo zilikwenda wapi? Waongozaji wazuri huchangamka hapo. Karen alihangaika katika ofisi za serikali ya kikoloni akiomba wasitawanywe, na hatimaye wakapewa ardhi upande wa Dagoretti. Ardhi yenyewe ilikuwaje mikononi mwa wageni, hilo ni la kujadili kwenye gari, na mama yangu huwa ana mengi ya kusema.

Bebeni vitambulisho, kwani kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na bei ithibitisheni kabla ya kutoka nyumbani. Mwezi wa Julai msisahau masweta. Saa mbili zinatosha. Watoto wakianza kudai twiga, Giraffe Centre haiko mbali, ila foleni ya wikendi ni ya kuivumilia kwelikweli; mle kwanza.