Dondoo muhimu: Kishikwambi kinapopoteza waifai

Kabla ya kukilaumu kishikwambi, tazama simu iliyo karibu nacho. Nayo ikikatika, shida iko kwenye ruta au kwa mtoa huduma: chomoa ruta kwenye umeme, ngoja nusu dakika, rudisha.

Kikikatika chenyewe tu, ingia kwenye mipangilio, futa mtandao huo, kisha ukiunganishe upya kwa nenosiri. Kinakatika skrini ikizimika? Zima kiokoa betri. Mara nyingi mchawi ni huyo.

Chumba kikiwa mbali, chagua mawimbi ya gigahezi 2.4. Hupenya kuta vizuri kuliko ya 5, ingawa kasi yake ni ndogo na maikrowevu huyavuruga. Ruta nayo usiifiche nyuma ya televisheni, hata kama inaharibu mapambo ya sebule.