Umeingia kwenye seva, lakini orodha ya mafaili haiji

Dalili ni ileile kila mahali. Unafungua FileZilla au programu nyingine ya kuhamishia mafaili, unaandika jina na nenosiri, na seva inakupokea kwa jibu la 230, yaani umeingia. Kisha unasubiri orodha ya mafolda, na haiji. Baada ya muda programu inasema muunganisho umeshindikana. Wengi hapo hubadilisha nenosiri, au humpigia simu fundi wa tovuti kwa hasira. Waache nenosiri. Lingekuwa na kosa, seva ingejibu 530 na usingevuka hata mlango wa kwanza.

Chanzo ni umri wa FTP yenyewe, itifaki ambayo programu hizo hutumia kuhamisha mafaili. Abhay Bhushan wa MIT, Marekani, aliandika toleo lake la mwanzo mwaka 1971, na kanuni tunazozifuata hadi leo ni za 1985. Enzi hizo kompyuta iliyo mtandaoni ilikuwa na anwani yake, na nyingine zote ziliweza kuifikia moja kwa moja. Kwa hiyo FTP ilijengwa kwa njia mbili. Ya kwanza, kwenye poti 21, hupitisha amri na majibu. Ya pili hufunguliwa kila panapokuwa na orodha au faili la kupitisha, na anwani yake hutajwa ndani ya maneno yanayopita kwenye ile ya kwanza.

NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za pakiti, ilikuja baadaye. Ilielezwa rasmi mwaka 1994, ilipoonekana kwamba anwani za intaneti hazitatosha. Ruta hugawa anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168 au 10, na kwenye kila pakiti inayotoka huifuta anwani hiyo na kuandika ya kwake. Lakini inachofuta ni kile kilichoandikwa juu ya bahasha. Barua iliyomo ndani, ambamo FTP imetaja mahali pa kufuatwa, inabaki na anwani isiyojulikana nje ya jengo lako.

Basi anza kwa kusoma kumbukumbu za programu, zile sentensi zinazopita juu ya dirisha ambazo watu hawazitazami. Ukiona amri ya PORT, uko katika hali ya aktivu: unaitaka seva ndiyo ije kwako, na ruta yako haina sababu ya kumfungulia mgeni huyo. Badilisha mpangilio uwe pasivu, ambapo ni wewe unayeifuata seva. Kwa aliye nyuma ya ruta, badiliko hilo moja mara nyingi linatosha.

Ikiwa tayari uko pasivu, tafuta jibu la 227. Litakuwa na tarakimu kama 192,168,1,20,195,149. Nne za mwanzo ni anwani, mbili za mwisho ni poti: zidisha 195 kwa 256, ongeza 149, unapata 50069. Hapa seva imekupa anwani yake ya ndani, kwa hiyo nayo iko nyuma ya NAT na haijaambiwa anwani yake ya nje. Kosa ni la upande wa seva. Mpelekee msimamizi mstari huo kama ulivyo. Anayetumia vsftpd ataandika anwani ya nje kwenye pasv_address, ataweka mipaka ya poti kwa pasv_min_port na pasv_max_port, tuseme 50000 hadi 50100, kisha poti hizohizo azifungue kwenye fayawoli na kuzielekeza kwenye ruta. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana. Anwani ikiwa sahihi na orodha bado haiji, ishuku hiyo kwanza.

Jambo linalowachanganya hata mafundi ni FTP kukubali bila usimbaji na kugoma usimbaji ukiwashwa. Baadhi ya ruta husoma maneno ya FTP na kuyasahihisha zenyewe. Yakishasimbwa haziwezi kuyasoma. Tafadhali usizime usimbaji ili mambo yaende, maana nenosiri lako litapita wazi. Rekebisha seva.

Faili kubwa likifika mwisho kisha programu ikadai limeshindikana, huenda njia ya amri ilikaa kimya hadi ruta ikaisahau. Linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili kabla ya kulituma upya na kumaliza bando.

Anayeweka seva nyumbani au ofisini aangalie anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya intaneti imeweka NAT nyingine juu yake, kama ilivyo kawaida kwenye mitandao mingi ya simu. Kuelekeza poti kwenye ruta hakutasaidia. Omba anwani ya umma. Na jaribio lifanyike kutoka nje, kwa mfano kupitia data ya simu, kwa sababu majaribio ya ndani ya mtandao uleule hudanganya.

Mwenye uhuru wa kuchagua ahamie SFTP. Inapitisha amri na mafaili kwenye muunganisho mmoja wa SSH, kwa kawaida poti 22, na NAT haiisumbui. Usiichanganye na FTPS, ambayo ni FTP ileile iliyosimbwa. Muulize anayekuhifadhia tovuti kama akaunti yako imefunguliwa SSH, na kwa poti ipi.