Ukitaka Kazi ya Kuandaa Mafunzo, Nenda Agakiriro

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kuandaa mafunzo ya ufundi huuliza kwanza habari ya programu: wajifunze Moodle au Articulate? Swali hilo lisikunyime usingizi. Moodle inapatikana bure, na anayejua kutumia kompyuta ataizoea upesi. Kazi yenyewe hasa ni kumtazama fundi, kuupata ujuzi ambao hajawahi kuutamka, kisha kuuandika hivi kwamba mgeni aufuate bila kuumia.

Kama uko Kigali, nenda Gisozi, uingie Agakiriro, pale panapotengenezwa vitanda, makabati na milango. Chagua kazi moja ndogo. Useremala ni bahari, na hata kutengeneza kabati bado ni kazi kubwa mno. Kupasua ubao kwa urefu kwenye msumeno wa umeme wa mezani, hiyo inatosha.

Omba ruhusa kwa mwenye karakana, ufike mapema kabla ya wateja. Ukimuuliza fundi anafanyaje, atakujibu kwamba anaweka ubao, anasukuma. Hakufichi kitu, mikono yake imezoea hata haihitaji maneno. Mtazame mara ya kwanza kimya. Mara ya pili mwombe asimame kila hatua. Mara ya tatu wewe ndiye useme, naye afanye kile tu ulichotamka, msumeno ukiwa umezimwa. Hapo mapengo yatajianika yenyewe: ulisema asukume ubao, hukusema mkono wa kushoto uishie wapi.

Sasa chora safu tatu: hatua, jambo la kuzingatia, sababu. Mtindo huu una asili yake Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mpango wa kufundisha viwandani uliodumu kati ya 1940 na 1945, viwanda vilipohitaji wafanyakazi wapya kwa haraka. Kwenye msumeno wetu, hatua ni kusukuma ubao. La kuzingatia ni kusimama pembeni kidogo, usijipange sawa na meno ya msumeno, na kumalizia kwa kijiti cha kusukumia. Sababu ni kwamba ubao ukibanwa hurushwa nyuma kwa nguvu, na aliyesimama nyuma yake ndiye unayempiga. Safu ya sababu ndiyo wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa, kwa maana anayejua sababu hulinda vidole vyake hata msimamizi asipokuwepo.

Kisha andika lengo. “Mwanafunzi aelewe usalama wa msumeno” halipimiki. Robert Mager, katika kitabu chake cha 1962 kuhusu kuandika malengo ya mafunzo, alitaka lengo litaje tendo, mazingira na kiwango. Kwa hiyo andika: akipewa ubao wa mita moja na msumeno uliokwisha kurekebishwa, mwanafunzi apasue kipande chenye upana wa sentimita 10, tofauti isizidi milimita 2, akitumia kijiti cha kusukumia tangu mkono unapokaribia meno. Mkufunzi yeyote akisoma hivyo anajua atazame nini.

Lugha nayo ina mtego wake. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na mwaka 2017 Kiswahili kikapewa hadhi ya lugha rasmi, lakini karakana inaongea Kinyarwanda. Kiite kifaa kwa jina analolitumia fundi, jina la mtaala liwe kando yake. Mwanafunzi asikwame kwenye neno wakati mashine inazunguka.

Jaribu somo lako kwa mtu asiyeijua kazi hiyo, fundi akiwa ubavuni pake. Wewe nyamaza, uandike kila anaposita, isipokuwa hatari ikitokea. Kila anaposita, pana sentensi yako ya kurekebisha.

Mtaalamu wa tathmini ya mafunzo, Donald Kirkpatrick, alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: kama watu waliyapenda, walijifunza, wanayatumia kazini, na yameleta matokeo gani. Waajiri wengi huishia ya kwanza, kwenye fomu ya kuuliza kama semina ilikuwa nzuri. Chukua mfano wa moto: Agakiriro ya Gisozi imeungua zaidi ya mara moja, na mali nyingi ikateketea. Ukiandaa mafunzo ya kuzuia moto mahali kama pale, fomu haikuambii kitu. Rudi baada ya mwezi. Tazama kama maranda yamefagiliwa, kama vanishi iko mbali na cheche za wachomeleaji, kama nyaya zilizochubuka zimebadilishwa. Kama hazikubadilishwa, mafunzo hayajafika.

Zikusanye kazi hizo: jedwali la hatua, lengo, video fupi ya simu, na maelezo ya ulichobadilisha baada ya jaribio. Zipeleke kwa anayeajiri, iwe Rwanda Polytechnic iliyoundwa mwaka 2017, iwe Bodi ya TVET ya Rwanda inayosimamia mitaala ya ufundi, iwe kampuni yenye mashine na wafanyakazi wapya. Cheti kitasomwa, lakini kazi iliyojaribiwa ndiyo itakayoulizwa maswali, na majibu utakuwa nayo.

Na fundi aliyekufundisha mlipe muda wake, kwani asubuhi aliyokupa aliitoa kwenye riziki yake. Akikubali, andika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya lako.